Kava la pete ya kuvutia gari, Discovery 3: linatokaje bila kuvunja ndimi?

Korongo_Kavu
Wakuu habari za jioni. Gari ni Land Rover Discovery 3, lipo Moshi. Kava la chini katikati ya bampa ya mbele, lile linaloficha pete ya kuvutia gari, limelegea upande wa kushoto. Kifungo kimoja kinazunguka bure: hakishiki na hakiachii. Cha kulia kimeganda kwa udongo. Wiki ijayo gari linakwenda Engaruka mpaka Ziwa Natron na mvua bado hazijakatika. Nataka kulivua sasa, nijue limekaaje, kisha nilirudishie lisidondoke njiani. Naanzia wapi? Na je, kuna haja ya kulirudishia kabla ya safari?

Spana_13
Mkuu, anza na maji, bisibisi baadaye. Udongo wa huku ukikauka ndani ya kifungo unakuwa kama saruji, na wengi wanavunja kwa sababu wanadhani kifungo ni kigumu kumbe ni udongo. Mwagia maji ya kawaida, acha dakika kumi, sugua kwa mswaki wa zamani kwenye mfereji wa kifungo na kuzunguka ukingo wa kava, kisha mwagia tena. Jeti ya kuoshea magari usiisogeze karibu. Inasukuma mchanga ndani zaidi.

Inua gari kwenye kimo cha juu kwa swichi ya springi za upepo ili upate nafasi ya mkono, halafu fanya kazi ukiwa mbele ya bampa. Usiingize kichwa wala bega chini ya gari lililosimama kwa upepo peke yake. Upepo ukishuka gari linashuka nao, na lina tani mbili na nusu.

Vifungo viwili vipo ukingo wa chini. Ni vya robo mzunguko, si skrubu, kwa hiyo ukizungusha mara tano hupati kitu. Tumia sarafu au bisibisi bapa pana inayojaza mfereji wote, zungusha nyuzi 90 kinyume cha saa, basi. Kile kinachozunguka bure kimepoteza mshiko wa nyuma. Ingiza vidole kwenye ukingo wa chini wa kava, livute kidogo kuelekea kwako ili kifungo kibanwe, kisha zungusha huku umelivuta. Mara nyingi kinaachia hapo.

Vifungo vikishaachia, vuta upande wa chini sentimita mbili tatu tu. Halafu shusha kava lote kuelekea chini ili ndimi za juu, vile vijino vya plastiki vya kava, zitoke kwenye matundu yake. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanavuta moja kwa moja mbele kwa nguvu, ndimi zinakatika, na kava lisilo na ndimi halikai tena hata ukiweka vifungo vipya kabisa. Kama halishuki, usichokonoe katikati kwa bisibisi. Angalia kwanza kama kuna mtu aliwahi kulifunga kwa skrubu ya ziada au gundi. Magari yaliyopita mikono mingi huwa na mambo hayo.

Jambo moja zaidi: asubuhi ya Julai pale Arusha plastiki inakuwa ngumu kwa baridi na inakatika kirahisi. Fanya mchana, au mwagia maji ya uvuguvugu kwanza.

Bodi_na_Rangi
Naunga mkono, na naongeza upande wa matengenezo, maana inaonekana kifungo cha kushoto kimekwisha.

Geuza kava uangalie alama iliyochapwa nyuma. Ukikuta herufi PP, yaani plastiki ya polipropilini, achana na supagluu. Haishiki kwenye plastiki hiyo, itakaa siku mbili itaachia. Ulimi uliokatika unachomelewa: pasha wavu mwembamba wa chuma kisichoshika kutu kwa pasi ya kulehemu, uzamishe ndani ya plastiki ukivuka ufa pande zote mbili, kisha yeyushia juu yake vipande vya plastiki ya aina hiyo hiyo. Vipande vinapatikana kwenye bampa zilizotupwa, kila gereji ya Unga Limited pale Arusha ina rundo. Ukikuta ABS, plastiki ya aina nyingine, kazi ni nyepesi, gundi zake zinashika vizuri.

Kwa kifungo, usinunue kwa kukisia. Pima kwa venia, kile kipimo cha milimita chenye taya, kipenyo cha tundu la kava, kipenyo cha tundu la nyuma, na unene wa plastiki zote mbili zikiwa zimekutana. Peleka na kile kizima dukani kama mfano. Kifungo kirefu kwa milimita mbili kitafunga, lakini kava litagongagonga kwenye barabara ya vumbi mpaka litoke.

Kama hukupata, bolti ya M6 yenye washa pana na nati ya nailoni inafanya kazi. Kaza kwa mkono na nusu mzunguko wa spana, usizidishe, plastiki itapasuka kuzunguka tundu.

Spana_13
Hapo kwenye bolti tutofautiane kidogo, fundi. Kava hilo limewekwa vifungo vya kuzungusha kwa sarafu ili litoke haraka. Gari likiwa limezama kwenye tope mpaka bampa, nani ataipata nati ya nyuma kwa spana namba kumi? Na likigonga jiwe, kifungo cha plastiki kinaachia na kava linadondoka zima. Bolti haiachii: inapasua kava au inavuta na kona ya bampa. Afadhali kebo tai mbili nyeusi, vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, kupitia matundu yale yale. Zinashika, na ukizihitaji zitoke ni kisu tu.

Bodi_na_Rangi
Kebo tai sawa kwa safari. Kwa gari la mjini mimi nabaki na bolti.

Mama_Rav
Naomba kuchomekea kwa wenye magari madogo yanayoendeshwa kwa magurudumu manne, msije mkafuata maelekezo ya Discovery. Kwenye RAV4 kava ni kile kibox kidogo kwenye bampa, hakina kifungo cha kuzungusha. Kina kimfereji upande mmoja. Unafunga kitambaa kwenye ncha ya bisibisi bapa, unachomeka hapo tu, unainua taratibu. Nyuma yake hakuna pete, ni tundu lenye nyuzi za skrubu. Pete yenyewe inakaa na vifaa vya jeki. Izungushe kwa mkono mpaka ifike mwisho, kisha ikaze kwa spana ya matairi ukiiingiza kwenye pete kama wenzo. Pete iliyoachwa nusu ya nyuzi inapinda au inachomoka, na hapo simama mbali.

Kabla ya safari ijaribu. Tundu likishajaa mchanga pete haiingii, na mahali pa kugundua hilo ni nyumbani. Safisha kwa mswaki, weka grisi kidogo kwenye nyuzi za pete. Wenye Volkswagen waangalie kitabu cha gari, nyingi nyuzi zake ni za kushoto. Ukilazimisha kulia unaharibu tundu.

Hadtopu_Haina_Kava
Wenzenu wa Land Cruiser hadtopu tunawasoma tu, kulabu zetu ziko nje zinapigwa na jua toka kiwandani.

Ila niseme la maana. Korongo, umeuliza kama kuna haja ya kulirudishia kabla ya safari. Mimi nasema usilirudishie. Kava la chini ya bampa kwenye maji yenye mkondo ni sepetu: maji yanaingia nyuma yake, yanalisukuma nje, na kifungo kikiwa kimoja litaondoka. Kitabu cha Discovery 3 kinaruhusu maji ya milimita 700 gari likiwa limeinuliwa, lakini hesabu hiyo ni ya kuvuka taratibu, si korongo linaloshuka kutoka mlimani. Vua Moshi, funga ndani ya gari kwa kitambaa, nenda. Na usiliweke juu ya boneti "kwa dakika moja", litabaki hapo hapo mlipokwamia.

Faida ya pili: ukizama, pete iko wazi. Valisha shakeli, ile pingu ya chuma ya kuunganishia mkanda, kabla ya kuingia kwenye tope, maana ukishazama pete iko chini ya udongo na unaitafuta kwa vidole.

Lakini fahamu pete ile ni ya nini. Kitabu kinasema ni ya kuvuta gari barabarani. Kulichomoa kwenye tope kwa mkanda wa kunyumbuka, ule wa kuruka na kuvuta, ni mzigo mwingine kabisa. Chimba kwanza mbele ya matairi, weka mbao au vibao vya mchanga, kisha vuta polepole na kwa mstari ulionyooka. Kuvuta kwa pembeni ndiko kunakopinda pete. Watu wote wasimame nje ya mstari wa mkanda, na mkanda uwekewe koti zito katikati.

Korongo_Kavu
Asanteni sana wakuu, na Mama Rav pia. Limetoka. Cha kulia kiliachia baada ya kulowekwa mara mbili. Cha kushoto nusu ya nyuma haipo kabisa. Ndimi zote nzima, alama ni PP. Nitakwenda bila kava. Nikirudi nalirudishiaje, kuna cha kupaka?

Spana_13
Spirei ya silikoni kwenye ndimi na vifungo, kidogo. Grisi hapana, inakusanya vumbi na mwezi ujao utakuwa pale pale.

Kwanza osha nyuma ya bampa, maana ukienda wazi tope litajaa humo, hasa kwenye matundu ya ndimi. Kavu kabisa ndipo ufunge. Chomeka ndimi za juu kava likiwa limeinama, chini kukiwa nje. Chungulia pande zote mbili uhakikishe kila ulimi umeingia. Ukikosa mmoja, chini kutafunga vizuri na utadhani umemaliza. Sukuma upande wa chini kwa kiganja mpaka ukae sawa na bampa, shikilia hapo hapo, zungusha vifungo nyuzi 90 kwa saa. Ukilazimika kutumia nguvu kuzungusha, kava halijakaa, fungua uanze upya. Pitisha kidole kwenye mwanya mzima: unene uwe mmoja pande zote.

Ukitoka Moshi kwenda Arusha, simama Usa River uliguse tena. Kama halichezi hapo, limekaa.