Mliosema "hamia Goba, kumechangamka", njooni mjibu hapa

Wakuu, salamu baadaye. Naandika nimekalia ndoo iliyopinduliwa, barazani, saa tatu na nusu usiku. Namsubiri dereva wa kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) la maji aliyeniahidi saa kumi na mbili jioni. Yuko bondeni, taa zake naziona kabisa. Anasema mlima umelowa, hapandi, nitafute mpira wa mita mia na pampu nivute mwenyewe. Elfu ishirini na tano yake nilishamtumia.

Mwaka jana niliuliza humu humu. Niliandika: nakaa Sinza, hapa Dar, chumba na sebule, laki mbili na nusu kwa mwezi, mtoto wa pili yuko njiani, bajeti mwisho laki tatu, nihamie wapi? Mkanijaa kama nzi. "Sinza unalipia kelele za baa." "Nenda Goba mkuu, kumechangamka, lami ipo, upepo wa bure." Kuna mmoja akaandika kabisa kwamba Goba ndiyo Masaki ya baadaye, yaani kwa matajiri. Huyo namtafuta kipekee.

Lami ipo, sikatai. Ya Mbezi Mwisho ipo, ya Makongo ipo, ya kwenda Madale mpaka Wazo ipo. Ila mimi silali juu ya lami. Kutoka lami hadi getini kwangu ni kilomita moja na ushee: unashuka, unavuka korongo, unapanda. Dalali alisema "dakika tano kutoka barabarani, bosi". Tulikwenda kuiona nyumba mwezi wa tisa, jua kali, njia kavu, tumepakizana kwenye boda. Na kweli zilikuwa dakika tano. Sikujiuliza kwa nini yule bwana, ambaye kwenye nyumba nyingine zote alinitembeza kwa miguu mpaka soksi zikanuka, kwenye hii ghafla akawa na hela ya boda.

Halafu hizo nyumba nyingine! Anakupeleka kwanza kwenye tatu mbovu kwa makusudi. Moja choo kiko nje, ya pili dari limeoza, ya tatu mwenye nyumba anaishi sebuleni kwako. Ukifika ya nne yenye vigae na geti jeusi unaona umefika peponi, unauliza wapi pa kusaini. Elfu ishirini ya kuzungushwa, kodi ya mwezi mmoja, laki tatu, yake dalali, miezi sita ya mwenye nyumba. Milioni mbili na laki moja na ishirini ilitoka kwa siku moja. Na usiniulize kwa nini sikukataa miezi sita. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, ukikataa wewe nyuma yako kuna wanne wameshika bahasha.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki ya tatu. Boda ya elfu moja ikawa elfu tatu, ilipofika usiku ikawa "kaka, huko leo hatuendi". Mke wangu alipanda ule mlima peku, mtoto mgongoni, viatu kwenye mfuko. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kitu nilichokuwa nakiona kila siku bila kukielewa: pale njiapanda, kwenye duka la Mangi, ukutani kuna misumari mirefu imejaa mifuko ya plastiki. Nilidhani ni bidhaa. Kumbe ni viatu vya ofisini vya mtaa mzima. Asubuhi unashuka na raba za matope, unabadilisha dukani, unapanda gari kama mtu. Sasa na mimi nina msumari wangu, wa tatu kutoka mlangoni. Mbona hakuna hata mmoja wenu aliyeniambia habari ya misumari?

Mkitaka kujua kwa nini iko hivi, muulizeni mzee yeyote wa hapa. Haya yote yalikuwa mashamba. Mzee anafariki, watoto wanagawana, mmoja mmoja anauza kwa kupima hatua, ishirini kwa ishirini, shahidi mjumbe. Anayeuza hauzi barabara, kwa hiyo haachi barabara. Anaacha kinjia cha kupita yeye na baiskeli yake. Aliyenunua anajenga fensi mpaka mwisho wa hatua yake, na wa pili naye hivyo hivyo. Leo kuna majumba ya ghorofa yanayofikiwa kwa uchochoro ambao gari la zimamoto haliwezi hata kuingiza pua. Maji ya mvua nayo yanatafuta pa kupita, hayapati, yanachimba. Korongo letu lilikuwa mfereji wa kurukwa na mtoto, hivi ndivyo jirani anavyosema. Sasa watu wanazuia kingo kwa matairi na viroba vya mchanga, na kila masika tairi mbili tatu zinakwenda na maji.

Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu milioni 4.36. Ya 2022, milioni 5.38. Milioni nzima imeongezeka, na hawakwenda Upanga katikati ya mji. Wamekuja huku kwenye mihogo na mikorosho, na mimi mmojawapo, kwa ushauri wenu.

Maji. Tangazo lilisema "maji ya bomba yapo". Bomba lipo na mita ipo, tena inang'aa. Tuko kichwani mwa mlima, presha inaishia kwa watu wa bondeni, sisi tunapata upepo. Jirani ana kisima, maji yake ya chumvi, sabuni haitoi povu, chai ina ladha ya baharini. Kwa hiyo kirikuu la lita elfu moja, mara nne kwa mwezi tukijibana. Laki moja hiyo. Weka boda yangu peke yangu, kwenda na kurudi, siku ishirini na sita, siku kavu: elfu hamsini na mbili. Ongeza kodi. Nalipa laki nne na hamsini na mbili kwa nyumba ya laki tatu, na mke bado hajatoka nje ya geti. Umeme sijaugusa, maana nyumba tatu tuko mita moja ya LUKU na wa nyumba ya kati ana friji mbili za biashara.

Kazi yangu iko Kariakoo. Saa kumi na moja kasoro robo alfajiri niko njiapanda, na daladala linafika limejaa, watu wamelipanda likienda mwisho wa ruti wakageuza nalo. Jioni konda anaita Goba kwa sauti ya muadhini, mkifika katikati anakatisha ruti, shukeni, hela harudishi. Mwanangu mkubwa nakutana naye Jumapili.

Najua watakuja wa "si ununue kiwanja chako". Sawa. Mwaka 2017 kuanzia Kimara hadi Kiluvya watu walikuwa na viwanja vyao na nyumba zao, alama ya X nyekundu ikapita ukutani, nyumba zikavunjwa, eti wako kwenye hifadhi ya barabara. Kwa hiyo tulieni.

Wa Kigamboni nao watakuja na daraja lao. Daraja lipo tangu 2016, zuri, na unalilipia. Lakini nawasikiliza kidogo, kwa sababu Kibada, huko huko Kigamboni, ilipimwa kwenye ule mradi wa viwanja elfu ishirini ulioanza 2002, barabara za mitaa ziliachwa kabla nyumba hazijaota. Nilipita huko mwezi uliopita kwenye msiba, nikasahau kidogo kulia, nikawa naangalia jinsi magari mawili yanavyopishana mtaani.

Kodi yangu inaisha mwezi ujao. Anayekaa Kibada, Toangoma, Mbweni au hata Kiluvya anijibu haya tu: saa kumi na moja alfajiri gari linapatikana? Maji yanatoka siku zipi, na unajua kwa sababu unakaa hapo au umeambiwa? Habari za hewa safi sitaki. Picha ya sebule usinitumie, nitumie ya njia, iliyopigwa mvua inanyesha.

Dereva kageuza gari. Taa zinaondoka.