Naomba ushauri: mikondo ya kaskazi inakutana siko

Hamjambo ndugu zangu. Niko Malindi, naandika tasnifu ya uzamili kuhusu mikondo ya bahari inavyobeba joto na maji, na nimekwama.

Natumia ROMS, modeli ya kompyuta ya kuiga bahari, gridi ya nyuzi 1/12, yaani kila kijumba ni kama kilomita 9. Wakati wa kusi modeli inakwenda vizuri, mkondo unapita Lamu ukielekea Somalia. Shida ni kaskazi. Hapo mkondo wa Somalia hugeuka ukashuka kusini, ukakutana na wetu unaopanda kati ya latitudo 2 na 4 kusini, kisha maji yakakata kuelekea mashariki. Kwenye modeli yangu inakutana chini kabisa, karibu na Pemba, kwa hiyo hata hesabu ya joto linalokwenda mashariki siiamini.

Baba yangu ni mvuvi. Juzi alinionyesha maji mekundu ya mto Sabaki yalivyoinamia upande wa mji, mstari umekatika waziwazi kati ya tope na buluu. Kwenye modeli, kijumba kimoja kinaimeza ghuba karibu yote! Inaniuma.

Upepo ninaotumia ni wastani wa mwezi. Je, nianze kwa kuubadilisha uwe wa kila siku, au kosa liko kwenye mpaka wa kaskazini wa modeli? Kupachika gridi ndogo ya kilomita 1 ndani ya hii natamani, ila kompyuta yangu tayari inachukua siku tatu kumaliza mwaka mmoja. Aliyewahi kuiga pwani hii anishike mkono, tafadhali. Ramani nitaziweka mkizihitaji.