Muuzaji kafuta chapa ya polisi wa Bavaria kwenye bunduki yangu, halafu anataka nimshukuru!

Wakuu, nina hasira mpaka mikono inatetemeka, mnivumilie.

Naishi Texas, na nakusanya bunduki za jeshi zilizoishia mikononi mwa polisi wa Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ninayo K98k, bunduki ya jeshi la Ujerumani wakati wa vita hivyo, iliyokuwa ya polisi wa Ujerumani Mashariki, ile yenye alama ya jua. Nilichokosa ni M1 Carbine, bunduki fupi nyepesi ya jeshi la Marekani, iliyogongwa maneno BAVARIA RURAL POLICE, yaani polisi wa vijijini wa Bavaria, jimbo la kusini mwa Ujerumani. Nimeisaka miaka miwili. Mwezi uliopita nikaiona inauzwa, picha zinaonyesha kila kitu: chapa inasomeka vizuri, saiti (vifaa vya kulengea shabaha) za Kijerumani zipo, kitako kimechakaa kwa kubebwa. Nikalipa dola 1,400 kwa mkupuo.

Juzi nimekwenda kuichukua. Chapa hakuna! Wamesaga chuma mpaka kikawa laini, wakakipiga rangi mpya ya kijivu, wakang'oa saiti na kuweka za Kimarekani, kitako wakakipiga msasa na vanishi kama kiti cha dukani. Jamaa anatabasamu: "Nimekurudishia ilivyokuwa mwaka 1944, na hiyo kazi sijakuchaji."

Nani alimtuma?

Carbine hizi zilitengenezwa zaidi ya milioni 6 wakati wa vita. Anayetaka ya 1944 atapata. Lakini hii yangu ilikuwa imeishi maisha mengine. Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, walioishinda waliwanyang'anya silaha hata polisi. Bavaria ikawa chini ya Wamarekani, na polisi wa vijijini waliporuhusiwa kushika bunduki tena, wakapewa hizi hizi zilizotengenezwa kupigana na Wajerumani. Ndiyo maana bunduki ya polisi wa Kijerumani imeandikwa Kiingereza! Maneno matatu tu, lakini yanakuambia nani alikuwa anatawala na nani alikuwa anapewa amri. Baadaye nyingi zilipita kwa Erma-Werke, kiwanda cha bunduki kule Dachau, Bavaria, kukarabatiwa, zikafungwa saiti za mtindo waliouzoea wenyewe. Kila mkwaruzo una habari yake. Huyu bwana kaona ni uchafu.

Nikamwambia anirudishie pesa. Akakataa, eti bunduki ni nzima na inapiga vizuri kuliko zamani. Kisha akanitolea jambo lililonimaliza kabisa: yuko tayari kuigonga chapa upya kwa mashine, "hakuna atakayejua." Yaani afute ya kweli, anibandikie ya kughushi, na siku nikifa mtu mwingine auziwe uongo huo kwa bei ya ukweli! Nimemwambia asithubutu hata kuigusa.

Kwa wenzangu mlioko huku: picha za tangazo ninazo, risiti ninayo, ujumbe wake wa kuahidi kunikabidhi "kama ilivyo" ninao. Kuna aliyewahi kumpeleka muuzaji kwenye mahakama ya madai madogo kwa jambo la namna hii? Ulianzia wapi?

Na kama una carbine ya polisi wa Bavaria ndani, tafadhali piga picha za chapa kwa karibu leo hii, kabla hujampa fundi yeyote hata kuifuta vumbi.

Zile saiti za Kijerumani anasema alizitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu nyuma ya karakana. Kesho wakifungua nitakuwa mlangoni, nitaipekua hiyo ndoo mpaka chini.