Wapangaji wa picha za harusi New England: majani ya plastiki mnayaitaje "rangi asilia"?

Wakuu, heshima kwenu. Nimevumilia nimeshindwa. Uzi huu nauandika kwa ajili ya wachumba walioko Marekani, hasa New England, yale majimbo ya kaskazini-mashariki, wanaopanga harusi, na mafundi wenzangu wa mapambo, mishono na keki.

Kwa asiyejua, picha za maonyesho hazina harusi ndani yake. Mpangaji anatafuta wanamitindo wawili wavae kama bibi na bwana harusi, mpambaji analeta maua, fundi gauni, mpishi keki, na hakuna anayelipwa. Malipo yetu ni zile picha. Unaziweka kwenye ukurasa wako, mteja anaona kazi ya mkono wako, anakupigia. Picha ikidanganya, aliyedanganya mbele ya mteja ni wewe.

Mpangaji mmoja aliponiita kupamba picha za namna hiyo, nilikubali kwa sababu wazo lilikuwa zuri: banda la zamani la shamba, New Hampshire, mapambo yote yafuate rangi za msituni majani yanapogeuka. Nikapanga kila kitu. Damu ya mzee kwa vitambaa vya meza, haradali kidogo tu, maua ya dalia ya rangi ya kutu kwenye meza kuu, gauni la rangi ya maziwa badala ya jeupe pepe, kwa sababu nyeupe kali ikikaa karibu na rangi ya chungwa huonekana ya kibluu. Tai ya bwana harusi ikatwe kwenye kitenge. Maboga madogo, basi. Nyuma yao, miti yenyewe.

Halafu tarehe ikasogezwa. Oktoba mabanda yanagombaniwa na bei iko juu, mpangaji akaona Novemba ni nafuu, akahamisha bila kutuuliza. Jamani! Kuzunguka White Mountains, milima ya kaskazini mwa New Hampshire, miti ya mepo (maple), ile ambayo majani yake huwa mekundu, hufika kilele cha rangi mwishoni mwa Septemba na wiki za mwanzo za Oktoba. Ukishuka kusini inachelewa kidogo. Novemba mepo imebaki vijiti, na dalia zimeshauawa na baridi ya kwanza ya kugandisha.

Rangi hizi hazimngoji mtu. Siku zikifupika mti unaacha kutengeneza klorofili, kijani kinaondoka, na manjano iliyokuwa imejificha chini yake inajitokeza. Wekundu ni habari nyingine: unatengenezwa wakati huohuo, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, na unakolea zaidi mchana ukiwa wa jua na usiku wa baridi isiyogandisha. Ndiyo maana mwaka huu hauwi kama mwaka jana. Watu wanasafiri mbali kuyaona majani haya. Kule Pomfret, Vermont, walifurika kupiga picha kiasi kwamba mwaka 2023 mji ulifunga barabara ya Cloudland kwa wasio wakazi, kuanzia 23 Septemba hadi 15 Oktoba. Hivyo ndivyo kitu halisi kinavyothaminiwa.

Na hata Novemba hatukukosa pa kuanzia! Nilimwambia mpangaji: nyuma ya banda kuna mialoni, bado imeshika majani yake ya hudhurungi, tuombe ruhusa kwa mwenye shamba tukate matawi machache. Tuongeze nyasi ndefu zilizokauka, magome ya miti ya mibetula (birch) yaliyokwisha kuanguka, mishumaa. Tubadilishe mpango mzima uwe wa rangi za udongo na ugoro, na tuuite kwa jina lake, Novemba. Ingekuwa picha ya kipekee, maana kila mtu anapiga picha za mepo nyekundu. Akasema wateja hawataki kahawia.

Kilichokuja asubuhi ni mafurushi ya majani ya plastiki, mekundu ya kung'aa, yakafungwa kwa waya kwenye matawi makavu. Na mashada ya ule mtambaazi wa Asia wenye vitunda vya chungwa, Celastrus orbiculatus, ambao New Hampshire imepiga marufuku kuuza na kusambaza kwa sababu unanyonga miti ya msituni na ndege wanaeneza mbegu zake. Eti mapambo ya asili! Niligoma kuyagusa, akayapachika mwenyewe.

Lakini kilichonichoma kuliko vyote ni picha zilipotoka. Dada aliyevaa gauni ni Mkongo, mweusi mzuri, ngozi inang'aa. Kwenye picha amekuwa rangi ya tofali. Mpiga picha amemwaga filta ya kununua mtandaoni juu ya picha zote. Ngozi za watu, nyeusi hata nyeupe, kwenye programu za kuhariri zinaangukia kwenye nyekundu na chungwa, kwa hiyo ukivuta chungwa ili majani yawake, uso nao unavutwa. Mpiga picha anayejua kazi anatenga ngozi kwanza, ndipo anagusa majani. Huyu hakujali. Hata misonobari, ambayo ni kijani mwaka mzima, imegeuka kahawia utadhani imekufa. Dada wa watu alijitolea siku nzima kwenye baridi, na sura aliyorudishiwa si yake.

Na maelezo chini ya picha: "rangi asilia za majira ya kupukutika, Novemba". Jina langu limo.

Tayari wachumba wamenitumia picha zilezile wakitaka harusi ya Novemba "kama hii". Kamati imeshaundwa, michango inakusanywa, wanataka kulipia ukumbi kwa kuamini plastiki. Nimewaambia ukweli. Ni wangapi hawataniuliza?

Mpangaji, najua unanisoma humu. Ondoa jina langu, au andika wazi kwamba majani ni bandia na picha zimebadilishwa rangi. Mrudishie yule dada picha zenye ngozi yake.

Na wachumba, kabla hamjalipa, mwombeni mpiga picha awaonyeshe harusi nzima ya kweli, yenye tarehe na mahali, na muombe picha ambazo hazijahaririwa za watu wenye ngozi kama yenu. Akikataa, tafuteni mwingine. Wenye majina ya mafundi wanaoijua ngozi nyeusi, kuanzia Maine hadi Connecticut, wayaweke hapa chini.