Batiki imepauka kiasi gani? Natafuta namba

MamaNta
Habari zenu wakuu. Natengeneza batiki hapa Morogoro, mwaka wa tisa sasa. Nilipeleka vitambaa vya meza 40 kwenye hoteli moja, bluu iliyokolea. Wamevifua mara kumi, sasa wanasema vimepauka na salio la malipo wamelishikilia. Nilipiga picha kabla sijawakabidhi, na juzi nikapiga tena kimoja walichonirudishia. Kwenye simu, ya kwanza ni bluu ya wino, ya pili inaelekea majivu. Lakini nikikishika kitambaa chenyewe sioni tofauti kubwa hivyo. Mume wangu anaiona, binti yangu haioni. Nimejaribu programu ya simu ya kuchota rangi: nikigusa hapa inanipa namba hii, nikisogeza kidole kidogo inanipa nyingine kabisa. Nifanyeje nipate namba ya kusimamia mbele ya mteja?

Lenzi_Tanga
Pole dada. Ulipiga saa ngapi, na kuna kitu gani kinachoonekana kwenye picha zote mbili ambacho hakijabadilika? Simu hujipangia mwanga yenyewe. Kitambaa cheusi kikijaza picha, inaongeza mwanga mpaka kinaonekana kimepauka hata kama ni kipya. Na weupe pia inaukisia yenyewe: asubuhi hivi, mchana vile.

MamaNta
Ya kwanza saa moja asubuhi, ya pili saa nane mchana. Kinachoonekana kwenye zote ni sakafu ya saruji tu, na ile asubuhi nilikuwa nimetoka kumwaga maji, imelowa. Ila kila nikichovya huwa nakata kipande naweka sandukuni. Cha bluu hiyo ninacho, hakijawahi kufuliwa.

Fundi Maabara
Basi achana na picha ya zamani, kipande hicho ndicho "kabla" yako. Pigeni pasi vyote viwili, vilaze bega kwa bega, nyuzi zielekee upande mmoja, kivulini mchana, bila fleshi, mbali na ukuta wa rangi. Picha moja, vyote ndani, na kadi ya kijivu ya wapiga picha pembeni, ya kulinganishia rangi. Kisha vibadilishane kushoto na kulia, upige tena. Usiipitishe WhatsApp, inaibana picha.

Fungua kwenye GIMP, programu ya picha ya kompyuta, ni ya bure. Kichota-rangi chake kinaweza kuchukua wastani wa eneo badala ya nukta moja. Kwenye batiki ni lazima, maana mishipa ya nta iliyopasuka itakuvuruga. Soma namba za Lab, mfumo wa mwaka 1976: L ni weupe na weusi, a ni kijani kwenda nyekundu, b ni bluu kwenda njano. Toa moja kwa nyingine, zidisha kila tofauti kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeo cha pili. Hiyo inaitwa delta E. Karibu na 1 jicho linahangaika kuiona.

Halafu fumua pindo. Kitambaa cha ndani ya pindo kimefuliwa mara kumi kama chote, ila jua hakijaliona. Kikiwa bado na bluu yake, lawama inaelekea juani kuliko kwenye rangi yako.

MamaNta
Nimefanya leo mchana, chini ya mwembe nikahama maana majani yanatupa ukijani, nikaenda kivuli cha bati.

Kipande cha sandukuni: L 29, a 4, b -31. Kilichorudishwa: L 32, a 3, b -28. Tofauti 3, 1 na 3, delta E kama 4.4. Nilivyobadilisha pande ilitoka karibu sawa. Kwa zile picha zangu za mwanzo nilipata 18.5! Nusura niwalipe fidia ya jua la saa nane.

Ndani ya pindo: L 29, a 4, b -30. Nimekaa nikiangalia ile mistari miwili, bluu kali pale uzi ulipokuwa umefunika na iliyofifia nje yake, nikashukuru sana.

Fundi Maabara
4.4 inaonekana kwa macho vikiwa pamoja, usiwaambie hakijapauka. Na pindo halisuguliki kama katikati, kwa hiyo usilibebeshe jua lote. Waulize wanaanika wapi.

MamaNta
Juu ya paa, nimeshapiga simu. Kesho naenda na kipande cha sanduku na pindo lililofumuliwa, tuviweke mezani kwao.