Mrejesho: Yule niliyeogopa kunyoosha mkono darasani

Habari zenu ndugu zangu. Niliwauliza nifanye nini, maana nikiulizwa swali darasani sauti ilikuwa inanikauka hata jibu nikilijua. Wengi mlinishauri nijitolee kufundisha wadogo. Sasa nawasaidia hesabu baada ya masomo.

Mtoto mmoja aliniuliza kwa nini ukigawanya namba kwa ½ (nusu) jibu linakuwa kubwa. Mimi nilijua kanuni tu, geuza ½ iwe 2 halafu zidisha. Nikaenda kusoma, nikarudi nikamwambia: tafuta kwenye 3 mna nusu ngapi. Akahesabu, akapata 6, akaruka kwa furaha. Raha ile hakuna mtihani uliowahi kunipa!

Darasani sasa nanyoosha mkono, hasa kuuliza. Mwalimu ameniandikisha kwenye mdahalo ujao, na nimekubali. Asanteni sana.