Naomba ushauri: slaidi zinavurugika nikihamia kompyuta nyingine

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu.

Nafundisha Kiswahili sekondari hapa Arua, Uganda, na mambo ya slaidi ndiyo kwanza naanza. Naandaa wasilisho la Siku ya Kiswahili Duniani, 7 Julai: slaidi 12, picha kadhaa, na video fupi ya wanafunzi wakighani shairi. Nalitengeneza kwa LibreOffice Impress (programu ya kutengeneza slaidi) kwenye laptopu yangu, kwa kuwa ni ya bure. Kompyuta iliyounganishwa na projekta ya shule ina PowerPoint ya zamani, na hairuhusiwi kuwekewa programu mpya. Laptopu yangu nayo haina tundu la waya wa projekta ile.

Nikihifadhi kwa pptx (aina ya faili ya PowerPoint) na kupeleka kwa flashi, maandishi yanatoka nje ya visanduku, fonti inabadilika, na video haichezi kabisa. Nimejaribu PDF: maandishi yametulia vizuri, lakini video imebaki picha tu na vichwa vya habari haviingii kimoja kimoja tena. (Hilo la pili naweza kulivumilia. Shairi la watoto, hapana.) Kutumia mtandaoni sitegemei, intaneti ya shule mnaijua.

Naomba kuuliza:

Je, nitumie fonti gani ambayo Impress na PowerPoint ya zamani zote zitaionyesha bila kuhamisha mistari?

Na video niibadilishe iwe ya aina gani ili icheze humo humo ndani ya slaidi, au ni heri niifungue pembeni?

Asanteni sana.